Klachi Iliyoisha: Kazi Nzima Chini ya Datsun 240Z

Klachi ya Datsun 240Z ni sahani moja kavu yenye kipenyo cha milimita 225, iliyobanwa katikati ya flaiwili na presha pleti. Injini iko upande mmoja, giaboksi upande wa pili, na sahani hiyo ndiyo njia pekee ambayo nguvu ya injini inapitia ili kufika kwenye magurudumu ya nyuma. Dereva akikanyaga pedali, sahani inaachiwa. Akiinua mguu, inabanwa tena. Kila inapobanwa, kabla mizunguko ya pande mbili haijalingana, laini zake, yaani tabaka za kusuguana zilizo kwenye nyuso zake mbili, husuguana na chuma kwa muda mfupi na kuacha chembe chache. Klachi imetengenezwa ili iishe, na hata dereva mwangalifu kuliko wote huisogeza tu mbele siku ya kuibadilisha.

Gari lenyewe lilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya nje likauzwa kama Datsun 240Z. Aliyelipigania sana ni Yutaka Katayama, msimamizi wa biashara ya Nissan nchini Marekani, aliyetaka gari la spoti lililo jepesi, imara na lenye bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia. Tarakimu 240 zinatokana na injini ya lita 2.4: silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, nguvu za farasi 151 kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule. Gari halizidi sana tani moja.

Afrika Mashariki ililifahamu kwa sababu ya matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha 240Z, na mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun, ila ya aina nyingine, na mshindi akapatikana kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, katika barabara za udongo ambako gari hukwama, husukumwa na hukwamuliwa mara nyingi kwa siku. Hakuna mazingira yanayoitesa klachi kuliko hayo. Tangu 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa East African Safari Classic Rally, na ndugu wa familia hiyo ya Z wameonekana tena katika vumbi la Kenya na Tanzania. Kwa hiyo kazi inayoelezwa hapa bado inafanywa, kwenye magari yaliyotimiza nusu karne na zaidi.

Hesabu ndogo inaonyesha mzigo ambao sahani hiyo inabeba. Injini ya 240Z hutoa nguvu ya kuzungusha inayokaribia newtonmita 200. Tuseme msuguano kati ya laini na chuma ni sawa na asilimia 30 ya kani inayobana, na kwamba unatendeka sentimita 9 hivi kutoka kitovuni, kwenye nyuso zote mbili za sahani. Ili isiteleze, presha pleti inatakiwa kubana kwa kani ya newtoni 3,700, sawa na uzito wa kilo 380, na hapo hakuna akiba yoyote iliyowekwa. Kani hiyo inatoka kwenye springi moja tu, sahani ya chuma cha pua kali iliyobinuka kama kawa, yenye vidole vinavyoelekea katikati. Beringi ya klachi inapovisukuma vidole hivyo, springi inajikunjua upande wa pili na presha pleti inarudi nyuma kwa kiasi kidogo sana, kisichozidi milimita chache. Ndani ya nafasi hiyo nyembamba ndimo yanamotokea mambo yote ya kuingiza gia vizuri au vibaya.

Joto nalo lina hesabu yake. Gari la kilo 1,200 pamoja na abiria likiondoka kutoka kusimama hadi kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare, klachi inameza nishati ya kilojuli 18 hivi kama joto. Dereva anayelazimisha gari kupanda tuta la matope huku mguu ukiwa nusu kwenye pedali, kwa sekunde kumi tu kwa nguvu ya kilowati 20, anaimwagia klachi kilojuli 200. Hiyo ni mara kumi na moja ya ile ya kwanza, na chuma cha flaiwili hakipati muda wa kuupoza uso wake. Harufu kali ya kuungua inayoingia ndani ya gari wakati huo ni ya gundi inayoshika laini. Ikishaungua, uso wa laini unakuwa kama kioo na msuguano wake unashuka hata kama unene bado upo.

Kabla ya kushusha giaboksi, fundi mwenye busara huhakikisha kwamba ni klachi kweli iliyoisha. Mafundi wengi hukosea hapa, na kosa hilo ni ghali, kwa sababu kazi ya kuifikia klachi ni ndefu kuliko kazi ya kuibadilisha. Klachi huwa na magonjwa mawili makubwa yanayokwenda pande tofauti: kuteleza na kutoachia. Inayoteleza hujulikana gari likiwa gia ya nne, kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda haraka, lakini mwendo wa gari hauongezeki kwa kiasi hicho. Hapo sahani imekwisha, au imeungua, au imelowa oili.

Isiyoachia ni hadithi nyingine. Pedali inakanyagwa hadi chini, gia ya kwanza inagoma, na ya kurudi nyuma inalia kama inakatwa. Wengi huharakia kusema klachi imekufa, ilhali mara nyingi sahani ni nzima na kilichochoka ni mpira ndani ya mojawapo ya silinda mbili zinazosafirisha msukumo wa mguu kwa majimaji. Ya juu, masta ya klachi, imekaa kwenye ukuta wa injini mbele ya dereva. Ya chini imefungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa giaboksi. Mpira wa silinda ya chini ukikunjuliwa na ndani yake pakaonekana unyevu, chanzo kimeshapatikana, na gari halina haja ya kupandishwa juu kwa siku nzima. Kukarabati silinda hizo ni kazi ya saa chache, na mara nyingi ndiyo matengenezo pekee yaliyohitajika.

Sauti pia hutoa ushahidi. Mlio unaoanza pedali inapokanyagwa kidogo na kukoma inapoachiwa unaelekeza kwenye beringi ya klachi. Mlio uliopo gari likiwa halina gia na pedali ikiwa juu, kisha ukapotea pedali inapokanyagwa, unatoka kwenye beringi ya mbele ya giaboksi, na huyo ni mgonjwa mwingine kabisa. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka huweza kuwa na oili kwenye sahani, lakini pia huweza kuwa na mpira uliokatika chini ya injini au giaboksi. Mipira hiyo hukaguliwa kwanza, kwa sababu inaonekana bila kufungua chochote.

Jambo moja zaidi linahusu 240Z za mwanzo. Kijiti kinachosukumwa na silinda ya chini kina nati ya kurekebishia urefu, na uma wa klachi, ule unaoisukuma beringi, una springi ya kuurudisha. Ncha ya uma inatakiwa kuwa na nafasi ya kucheza ya milimita 2 hivi. Nafasi hiyo ikipotea, beringi inavikandamiza vidole vya springi wakati wote, presha pleti haibani kwa nguvu zake zote, na klachi nzima inaanza kuteleza na kuungua. Klachi nyingi zimekufa mapema kwa sababu hakuna aliyeshika spana mbili na kurekebisha kijiti hicho.

Ikithibitika kwamba sahani ndiyo iliyoisha, kinachofuata ni kununua vifaa, na kununua ovyo ndiko kunakoharibu kazi hii kuliko kosa lolote la spana. Kwenye familia ya magari haya ya Z kuna klachi za saizi mbili: milimita 225, ambayo ndiyo ya 240Z, na milimita 240, iliyowekwa kwenye baadhi ya ndugu zake wakubwa waliofuata. Meno 24 ya shafti yanafanana, kwa hiyo sahani ya gari moja huingia kwenye shafti ya jingine bila ubishi, na pia sahani za Nissan nyingine nyingi za zamani. Kinachotofautiana ni urefu wa presha pleti, yaani umbali kutoka flaiwili hadi kwenye vidole vya springi. Kiwanda kilifidia tofauti hiyo kwa kutengeneza kola zinazobeba beringi zenye urefu tofauti: presha pleti fupi hupewa kola ndefu, ndefu hupewa kola fupi.

Mtu akinunua presha pleti ya aina moja na kubaki na kola ya aina nyingine, kila kitu kitafungika, kila bolti itakazika, na gari halitaingia gia. Au litaingia gia lakini klachi itakuwa imekandamizwa daima na kuteleza tangu siku ya kwanza. Wenye uzoefu na magari haya hupima kabla ya kufunga: presha pleti ikiwa imeshakazwa kwenye flaiwili na beringi mpya ikiwa kwenye kola yake, kola huwekwa juu ya vidole na urefu hupimwa kutoka uso wa flaiwili hadi sehemu ya kola inayoguswa na uma. Kipimo kinachotafutwa ni milimita 92 hivi. Rula ya chuma na dakika mbili zinatosha, na giaboksi haitashushwa mara ya pili.

Kwa sababu hiyo kola ya zamani haitupwi hata ikionekana imechakaa kwa nje. Beringi mpya huuzwa peke yake, nayo husindikwa juu ya kola kwa presi, ikisukumwa kwenye pete yake ya ndani pekee. Anayeigonga kwa nyundo kwenye pete ya nje anaziumiza gololi kabla hazijazunguka hata mara moja.

Sahani mpya za ukubwa huu bado zinatengenezwa, na katika Japani kampuni ya Exedy ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana. Katika miji ya Afrika Mashariki ipo njia nyingine, ya kuipeleka sahani ya zamani kwa mafundi wanaopiga laini mpya kwa ribiti, kama wanavyofanya kwa viatu vya breki. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inastahili heshima, na imeyaweka barabarani magari mengi yasiyo na spea. Ila mtu anapaswa kukagua zaidi ya laini. Springi ndogo nne au sita zilizo kuzunguka kitovu cha sahani zisiwe zimelegea, meno ya kitovu yasiwe yameliwa, na sahani yenyewe isiwe imepinda. Sahani yenye springi zilizolegea haifai kupigwa laini mpya, kwa bei yoyote ile.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye betri, ambayo waya wake hasi huondolewa, kisha ndani ya gari. Kisanduku cha katikati hufunguliwa, mpira wa mkono wa gia huinuliwa, na mkono wenyewe huchomolewa baada ya kutoa pini inayoushikilia. Hatua hii husahaulika sana, na giaboksi iliyoshindwa kushuka bila sababu inayoonekana huwa imeshikwa na mkono wake wa gia.

Gari hupandishwa juu kwa usawa na kukalishwa kwenye stendi nne za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hayafai kabisa, kwa kuwa hupasuka ghafla. Fundi atavuta na kusukuma kwa nguvu akiwa amelala chini ya gari, na giaboksi peke yake ina kilo zaidi ya 30. Palipo na shimo la gereji kazi huwa nyepesi zaidi, ingawa hapo giaboksi inahitaji kushikiliwa kutoka chini kwa jeki ndefu.

Oili ya giaboksi humwagwa kwanza. Propela shafti huwekewa alama ya rangi inapokutana na difu, ili irudi palepale ilipokuwa, kisha bolti zake nne hufunguliwa na shafti kuvutwa nyuma hadi itoke kwenye mkia wa giaboksi. Hapo ndipo oili iliyosalia humwagika kwa fundi ambaye hakuimwaga mapema. Bomba la ekzosi huachanishwa na manifoldi. Nati zake zimeungua kwa miaka na hupuliziwa dawa ya kutu tangu jana yake. Waya wa kilomita hufunguliwa, nyaya za taa ya kurudi nyuma huchomolewa, stata hutolewa. Silinda ya chini ya klachi hufunguliwa bolti zake mbili na kufungwa pembeni kwa waya bila kukata bomba lake, isipokuwa kama nayo inakarabatiwa.

Jeki moja hukaa chini ya karteri ya injini, juu ya kipande cha mbao, na nyingine chini ya giaboksi. Chuma cha kukingama kinachobeba mkia wa giaboksi kinapoondolewa, injini na giaboksi huinamishwa kidogo kwa pamoja ili bolti za juu zifikike kwa ekstensheni ndefu inayopita juu ya giaboksi. Uangalifu mkubwa unahitajika hapa. Injini inapoinama nyuma, feni inakaribia rejeta upande wa mbele, na fito zinazounganisha pedali ya mafuta na kabureta mbili za Hitachi huweza kupinda. Mtu mmoja husimama juu kuangalia huku mwenzake akishusha.

Bolti zote zikishatoka, giaboksi huvutwa nyuma ikiwa sawasawa. Isiachwe hata kidogo ining'inie huku ncha ya shafti yake ikiwa bado ndani ya sahani, kwa sababu uzito huo huipinda sahani.

Vumbi jeusi linaloonekana ndani ya nyumba ya klachi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Laini nyingi za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa asbestosi, na gari la umri huu huweza kuwa bado lina mabaki yake hata kama klachi imeshawahi kubadilishwa. Nyuzi za asbestosi zikivutwa huingia mapafuni na kukaa humo, na saratani inayotokana nazo hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya ishirini. Vumbi hilo hulowanishwa kwa maji yenye sabuni, likafutwa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutupwa. Fundi avae barakoa inayofaa kwa vumbi laini. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu. Katika gereji zetu ambako bomba la hewa ndilo ufagio, jambo hili linapaswa kusemwa kwa sauti, hasa kwa vijana wanaojifunza kazi.

Bolti za presha pleti hulegezwa kidogokidogo kwa mtindo wa kukingamana, ili springi iachie nguvu yake taratibu na kifuniko kisipinde. Sahani ikitoka hueleza historia yake. Kitabu cha matengenezo cha Nissan kinaweka mpaka wa milimita 0.3: laini ikibaki juu ya kichwa cha ribiti kwa chini ya hapo, imekwisha. Ribiti zikishaanza kugusa chuma huchimba mifereji kwenye flaiwili. Laini iliyoloa oili husema kuna sili inayovuja, na hapo hutafutwa ni ipi. Oili ya injini hutoka kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti. Ya giaboksi, ambayo ni nzito na yenye harufu yake, hutoka kwenye sili ya kifuniko cha mbele. Kuweka klachi mpya bila kubadilisha sili hizo mbili kwenye gari la miaka 50 ni kuitupa fedha. Sili ni kitu cha bei ndogo, na njia ya kuzifikia iko wazi siku hiyo moja tu.

Flaiwili inastahili muda. Madoa ya bluu kwenye uso wake ni alama za joto. Mahali hapo chuma kimekuwa kigumu kuliko jirani zake na kitasababisha mtetemo. Nyufa nyembamba kama nywele, zisizoshika ukucha, huondoka flaiwili inapokerezwa. Ufa unaoshika ukucha, au unaofika kwenye tundu la bolti, unamaanisha flaiwili nyingine inatafutwa, kwa kuwa kipande hiki huzunguka mara 6,000 kwa dakika karibu na miguu ya dereva. Mkerezaji aondoe kiasi kidogo iwezekanavyo na auache uso ukiwa bapa kabisa. Kila sehemu ya milimita anayoiondoa huisogeza presha pleti mbali na beringi. Meno ya nje yanayoshikwa na stata nayo hukaguliwa.

Katikati ya mwisho wa krenkishafti kuna bushi ndogo ya shaba nyeusi, iliyotengenezwa kwa unga wa shaba hiyo uliogandamizwa na kuloweshwa oili, ambamo ncha ya shafti ya giaboksi huzunguka. Ikiisha, shafti hucheza na klachi haiachii vizuri. Kuitoa kuna mbinu nzuri ya mafundi: tundu hujazwa grisi, kisha kipande cha chuma cha mviringo kinachoingia kwa kubana huwekwa mdomoni na kugongwa kwa nyundo. Grisi haikubali kubanwa, kwa hiyo inaingia nyuma ya bushi na kuisukuma nje. Bushi mpya hulowekwa kwenye oili safi ya injini na kuingizwa bila grisi, maana grisi huziba vitundu vinavyohifadhi oili yake.

Katika kufunga, usafi ndio kila kitu. Uso wa flaiwili na wa presha pleti mpya husafishwa kwa kimiminika cha kusafishia breki ili kuondoa mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani, na mikono yenye grisi haishiki laini. Upande wa sahani wenye kitovu kilichochomoza na springi hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, kitovu hugonga bolti za flaiwili. Sahani huwekwa katikati kwa kutumia shafti ya zamani ya giaboksi au kijiti cha plastiki kinachouzwa pamoja na klachi, na mafundi wengine huchonga kijiti cha mbao kinachofanya kazi hiyohiyo kikamilifu. Bolti za presha pleti hukazwa kwa kukingamana, mzunguko mmoja mmoja, hadi newtonmita 20 hivi. Kisha hupimwa zile milimita 92.

Grisi huenda mahali pachache tu: kwenye kitegemeo cha uma, ndani ya kola, na safu nyembamba mno kwenye meno ya shafti, ambayo hufutwa baada ya kupakwa. Grisi inayobaki hurushwa na mzunguko na kutua kwenye laini.

Giaboksi hurudishwa ikiwa imewekwa gia, ili fundi aweze kuzungusha mkia wake kwa mkono na kuyaoanisha meno ya shafti na ya sahani. Inatakiwa iingie kwa mikono hadi nyuso mbili zigusane. Ikigoma kwa sentimita moja ya mwisho, bolti zisitumiwe kuivuta, kwa sababu kitakachovunjika ni ama sikio la aluminiamu la giaboksi ama kitovu cha sahani mpya. Hutolewa, sahani hulinganishwa upya, na jaribio hurudiwa. Vingine hufungwa kinyume cha vilivyofunguliwa, na oili mpya ya giaboksi hutiwa kabla ya gari kushushwa.

Majimaji ya klachi ni yaleyale ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka na kuzila silinda kutoka ndani, hasa katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi. Fursa hii hutumika kuyabadilisha yote. Mtu mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia chini, mwingine hufungua nipoli ya silinda ya chini mpaka hewa itoke na kuifunga kabla pedali haijainuliwa, na kopo la juu halikauki wakati wote huo. Tone linaloanguka kwenye bodi huoshwa kwa maji papo hapo, kwani hubabua rangi.

Jaribio la kwanza hufanywa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limesimama. Pedali inakanyagwa hadi chini, inahesabiwa mpaka tatu, na gia ya kurudi nyuma inaingizwa. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikilia, hewa bado imo kwenye bomba au kijiti cha silinda ya chini hakijarekebishwa. Kwa kilomita 500 hadi 800 za mwanzo gari huendeshwa kwa utaratibu, kwenye safari zenye kubadili gia mara nyingi, bila kuondoka kwa kishindo na bila kuvuta mzigo, hadi laini na chuma vizoeane uso kwa uso.

Baada ya hapo nafasi ya uma hupimwa tena. Sahani inavyozidi kuwa nyembamba, presha pleti huisogelea flaiwili, na vidole vya springi huinuka kuelekea beringi, vikiila ile nafasi ya milimita 2 kidogo kidogo. Kwenye 240Z yenye kijiti cha kurekebisha, kipimo hicho hurudiwa kila oili ya injini inapobadilishwa, wakati gari tayari liko juu na spana ziko mkononi.